Turbo Iliyolia Baada ya Maboya

Mume wa dada yangu ana lori la kubeba maharagwe kutoka Kirumba hadi Beni. Mwaka jana aliona halina sauti ya kutosha. Mwanaume akikosa la kutengeneza hutafuta la kuharibu. Akalipeleka kwa mchomeleaji pale Butembo, wakatoa chombo kinachopunguza kelele ya moshi, wakaweka bomba moja nene lililonyooka kutoka kwenye turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa, hadi juu ya kabini.

"Moteur inapumua sasa," alituambia akiigonga injini. "Sikia turbo! Itaimba mupaka Beni."

Fundi wake wa siku zote hakufurahi. "Chef, ile bomba ni nzito. Yote inaning'inia ku turbo, hakuna kitu ingine inaishika. Na ile kelele itakufichia ugonjwa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Shemeji akacheka, tukapakia.

Mimi na abiria wengine tulikaa juu ya magunia, mdomo wa bomba uko mbele yetu. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kirumba, rozari mkononi. Aliniambia, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba mtoto wake wa kiume alipotea kwenye barabara hii siku watu walipokimbia vita, na hakuna aliyemwona tena. Nikampa karanga.

Tulipopita Maboya, ukungu ulishuka ingawa ilikuwa mchana. Ndipo turbo ikaanza kulia. Sikuuita wimbo, hata kidogo. Lori likipanda mlima, sauti ilipanda nayo, nyembamba, ya kuomba. Likiteremka, ilififia ikawa kwikwi. Abiria waligeukia bomba. Njia ile imechukua watu, na kila mmoja pale juu alikuwa na wake.

Mama akanishika mkono. "Ndugu, unamusikia?"

"Ni turbo, mama. Ni chuma tu."

"Kwenye mulima analia, kwenye kuteremuka ananyamaza. Amechoka kupanda. Ni mutoto yangu."

Akaanza kupiga paa la kabini kwa viganja. "Shofere, simamisha! Nishuke!"

Shemeji akatoa kichwa dirishani. "Hapa batu habasimamaka, mama! Tutafika kwanza!"

Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa haki yake. Mama aliendelea kupiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Mimi si mtu wa kuogopa mizimu, lakini nilijikuta nachungulia migomba iliyokuwa ikitokea na kupotea katika ukungu, nikitafuta kaptula ya mtoto. Niliona aibu, na bado nikaendelea kutafuta.

Katikati ya mlima uliofuata, kilio kilipanda kuliko mara zote, bomba likatema moshi wa buluu, na injini ikakwama. Shemeji akavuta breki, akaruka chini kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Fundi alipofungua baadaye, alikuta turbo imepasuka kwa uzito wa bomba, mafuta yote ya injini yamevuja, vyuma vimesagana vikavu. "Kufungua échappement, ile bomba ya moshi, peke yake haiuwaki moteur mara moja," alimwambia shemeji. "Ni ule uzito. Na ulisikia inalia, ukasema inaimba."

Lakini pale mlimani hapakuwa na fundi. Palikuwa na ukungu, na kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye barabara hiyo. Hata ndege hawakulia. Mama alikuwa ameshateremka kwa kamba za magunia kabla sijamzuia. Nikamfuata. Alisimama ukingoni mwa barabara, peku, akageuza kichwa huku na huku, asijue pa kuelekea.

"Sasa gari imesimama," aliniambia. "Kwa nini ananyamaza?"