Nimemharibia Jina Bwana Mifugo kwa Ajili ya Sungura Wangu

Mwenye ukurasa, jina langu ulifiche na kijiji changu ukifiche. Ukiandika Karagwe inatosha. Mimi ni mzee. Miaka yangu sikuiandika, lakini Wajerumani walipokuwa wanatawala nilikuwa tayari nachunga ng'ombe wa baba peke yangu mbugani. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la ubatizo, kwa hiyo herufi zangu zikipinda mzinyooshe. Ila kwa ng'ombe, kutoka hapa mpaka Isingiro, hakuna wa kunifundisha. Watu hawanunui dume mpaka waniite nimkague. Nasema haya ili mjue ni mtu wa namna gani anayeona haya leo.

Ninafuga sungura. Wawili. Bibi mmoja mzungu wa misheni, aliyekuwa akinunua maziwa kwetu, alipokuwa anarudi kwao alimwachia mke wangu. Nilisema watupwe, mtu wa ng'ombe hafugi panya wenye masikio marefu. Mke wangu akawawekea nyasi nyuma ya nyumba. Sasa sijui nieleze vipi. Jike lina rangi ya udongo, nikaliita Kagaju, jina tunalowapa ng'ombe wa rangi hiyo. Linalamba chumvi kiganjani mwangu. Wageni wakija nawafunika wote wawili kwa tenga.

Homa ya mapafu ya ng'ombe iliposikika upande wa Kiruruma, bwana mifugo akaja kuchanja. Kijana wa mbali, mpole, na baiskeli yake na sanduku la dawa. Ng'ombe wangu wote wakachomwa sindano kwenye ncha ya mkia, kama tulivyozoea kuona. Jioni nikamvuta pembeni, nikamwambia nina wengine wawili nyumbani. Alipowaona akacheka.

"Mzee, dawa hii ni ya ng'ombe. Hawa hawaugui ugonjwa huu."

"Wewe umezaliwa juzi. Itazame pua ya huyu, inatetemeka mchana kutwa. Hayo si mapafu?"

"Sungura wote pua zao ndivyo zilivyo, mzee wangu."

"Sema tu umeshindwa."

Nilimng'ang'ania. Mwishowe, nadhani kwa kuchoka, akawashika wote wawili akawachoma tone moja moja nyuma ya shingo. Shingoni! Kagaju akaruka, dawa nikaiona imemwagika kwenye manyoya. Nikamwambia arudie, achome mkiani. Akaniuliza, "Mkia wenyewe uko wapi, mzee?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Ng'ombe akichanjwa vizuri mkia huvimba kidogo, na hapo tunajua dawa imeshika. Kila asubuhi niliwapapasa shingo. Hakuna kitu. Hasira ikanipanda. Nikaona kijana amenidharau, amenichezea.

Basi watu walipokusanyika kwa mkungu, mkuu wa kijiji chetu, kupangiwa zamu ya ng'ombe waliobaki, nikasimama mbele ya wote, na bwana mifugo yupo. Nikasema, "Huyu hajui kuchanja. Wangu amewachoma ovyo, dawa imemwagika, na hawakuvimba." Sikusema wangu gani. Watu wakaguna. Habari ya ng'ombe nikiisema mimi, imesemwa. Mkungu akamuuliza kijana, "Ni kweli?"

Kijana akanitazama. Alijua ninawasema nani. Angetamka neno moja tu, watu wangenicheka mpaka leo. Akasema, "Mzee aliona alichoona," akainama akafunga sanduku lake.

Siku ya zamu hakuna aliyepeleka ng'ombe. Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, ana ng'ombe mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yanayowalisha wanawe. Kwa neno langu alimficha kwenye migomba. Juzi akanijia. "Shemeji, anakohoa. Njoo umtazame, wewe ndiye unayejua." Nilimkuta ng'ombe amenyoosha shingo, miguu ya mbele ameitanua, anahema kwa mdomo. Ugonjwa huo naujua. Shemeji akasema, "Afadhali ulituonya habari ya yule kijana, angemuua." Akanishukuru! Nilishindwa kuinua macho.

Kagaju mwenyewe mzima. Kilichovimba ni tumbo, mke wangu anasema ana mimba.

Nilimweleza mke wangu yote. Akasema, "Si useme tu walikuwa sungura?" Nikamfokea. Kwake ni rahisi kusema. Nimewacheka wenzangu miaka mingi kwa kufuga kuku, leo watanisalimuje? Nikaenda kwa kijana, nikitaka kumwomba radhi kwa siri. Akanipa kiti. "Shikamoo mzee. Kagaju hajambo?" Nikamwambia nilikuwa napita tu.

Sasa mkungu amemshitaki kijana kwa wakubwa wake. Mkubwa wake atatoka Bukoba, baraza liitishwe, na mimi ndiye shahidi. Nikirudia maneno yangu, kijana atafukuzwa kazi na watu wataendelea kuficha ng'ombe. Nikisema kweli, nitakufa naitwa mzee wa sungura. Nimejaribu kuisema nikiwa peke yangu kwenye mibuni. Nafika kwenye "walikuwa", mdomo unasimama.

Kama yuko msomaji anayejua sungura huchanjwa wapi, aseme pia, maana hiyo ya shingoni bado sijaikubali. Lakini kwanza hili la baraza. Ndugu wasomaji, nishaurini, nifanye nini? Ila msiniambie ninyamaze. Kunyamaza nimeshanyamaza, na ng'ombe wa shemeji anakohoa.