Mswaki wa Paka wa Mama

Paka wa Mama alinuka kinywa kuliko ngozi mbichi zote za soko la Butembo zikianikwa pamoja juani. Sizidishi. Labda kidogo tu. Akipiga miayo kwetu Kimemi, watu wa Beni walifunga madirisha.

Taabu ni kwamba alilala juu ya mkeka wa kusalia. Kwetu Waislamu paka ni msafi, hakuna wa kumfukuza mkekani. Lakini yaya yangu, kaka mkubwa wa nyumba na mwenye kamyo, lori la kubeba kahawa, kila akisujudu pua yake ilikutana na kinywa kile. Siku moja alimaliza kusali machozi yanamtiririka, na si ya toba.

"Mama, huyu paka anaoza akiwa muzima! Ijumaa kamyo inaenda Alimbongo. Ataenda nayo, atabakia kule."

"Basi unipakie na mimi," Mama akajibu. "Tutakaa wawili juu ya magunia."

Hakuwa anatania. Jioni ile ile alifunga furushi lake.

Bahati yetu, kesho yake waasi walifunga njia ya kusini iendayo Alimbongo, na Ijumaa ile kamyo halikutoka uani. Mji mzima ulilalamika; mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimepata siku za kumponya paka, maana nani mwingine? Munganga wa wanyama, daktari Mzungu, alikuwa ameondoka uhuru ulipokuja, yeye na koleo zake zote. Mimi nilikuwa nasoma masomo ya jioni, na juma lile munganga wa askari, mtu wa Kasai, alikuwa ametufundisha usafi wa kinywa. Donc, basi, nilijiona profesa.

Nikachukua mswaki, ule wetu wa mti, nikautafuna ncha mpaka ukalainika, nikamfungua paka kinywa nimsugue kama ninavyojisugua mwenyewe kabla ya kusali. Mti ulipogusa meno ya nyuma, paka alilia mlio uliosikika Kirumba, na mkono wangu ukawa ramani ya Kongo, mito yote ikiwa myekundu.

Nikamwita munganga. Alipoona mkono akacheka mpaka akashika ukuta.

"Papa, mswaki ni ya mutu! Nyama, paka huyu, anaumwa jino, wewe unamuchokora na mti? Lete gunia."

Magunia ya kahawa tulikuwa nayo mengi kuliko nywele. Tukamfunga paka kama mtoto wa mgongoni, kichwa tu nje, Mama akamkumbatia. Munganga akainua mdomo polepole: ukoga wa kahawia umeganda juu ya meno kama chokaa, ufizi umevimba, na jino moja la nyuma linacheza. Akalivuta kwa vidole viwili, likatoka bila ubishi. Aliyepiga kelele ni mimi.

"Anakulaka nini?" akauliza.

Mama akanyoosha shingo kwa fahari. "Chai ya maziwa na sukari, na mandazi namulowanishia. Kwangu hapana mutu anakula vibaya!"

"Mama, ni mapendo yako ndiyo inamuozesha. Umupe nyama mbichi yenye mishipa, atafune, meno ijisugue yenyewe. Na kila siku umupanguse na kitambaa na maji safi. Kidole polepole. Hapana mti!"

Mama aliomboleza yale mandazi siku mbili. Halafu akaanza kazi, asubuhi na jioni, paka ndani ya gunia, kitambaa kidoleni, mpaka ikafika siku paka akaingia guniani mwenyewe.

Njia ilifunguliwa Alhamisi. Ijumaa injini ikanguruma uani, Mama akaketi mlangoni na furushi lake magotini. Yaya akapiga magoti mkekani, akamsogelea paka pua kwa pua, kama askari wa bariera ya njiani anayekagua mizigo. Paka akapiga miayo.

"Mais, lakini..." yaya akanusa tena. "Ananuka nyama tu. Dereva aende peke yake."

Mama akaliweka furushi chini. Alilowesha kitambaa upya, akakizungusha kidoleni, akamwangalia mwanawe mkubwa, ambaye chai yake ilikuwa sukari iliyoonjeshwa maji.

"Na wewe sasa, fungua kinywa. Gunia iko pale."