Ndiyo Yangu Iliyogawa Jumamosi ya Wasichana

Siku ile naikumbuka kuanzia chini, kwenye viatu, kwa sababu sikuinua macho hata mara moja. Vilikuwa viatu vyeusi vya afisa wa vijana, vimepigwa rangi vikang'aa mpaka taa ya ukumbi ikaonekana juu yake. Baba yangu ni polisi, mdogo wangu. Sisi tuliokulia kambini tukiona viatu vya namna hiyo mgongo hunyooka wenyewe, na mdomo hujibu kabla kichwa hakijalielewa swali.

Nyanya yangu angekuita mwanangu. Mimi sina umri huo. Bado navaa sketi ya shule, na ukinisalimu njiani kwa sauti kubwa naweza kujificha nyuma ya boda. Lakini unakuja kukaa kwenye kiti nilichokikalia mimi, na kuna jambo lazima ulijue kabla hujakaa. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo pale kwenye cherehani. Kila nikianza, najikuta nakuuliza kama una sindano. Basi soma.

Kituo chetu hapa Kawempe ni cha jiji. Jiji ndilo lililoweka mabati, taa, cherehani, mifuko ya mazoezi ya ngumi, na yule nesi anayekuja kusikiliza mambo ambayo mtu hawezi kumwambia mama yake. Lakini saa za ukumbi tunagawana wenyewe. Kila muhula afisa anaita baraza, kila kikundi kinamweka msemaji wake kwenye viti vya plastiki vya mbele, na msemaji akikubali jambo, kikundi chake chote kimekubali. Baada ya wiki moja afisa anarudi kutusomea mgawanyo, kisha ubao wa mlangoni unapakwa rangi. Ukishapakwa, hakuna wa kuugusa mpaka muhula ujao. Ni utaratibu mzuri. Unachohitaji ni msemaji anayesema.

Wasichana walinichagua mimi. Usicheke. Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na sijawahi kugombana na mtu. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu asiyegombana na yeyote huenda ni mwoga tu.

Muhula ule mvua iliikalia Bwaise, mtaa wa bondeni hapo chini yetu. Mtaro ulijaa, maji yakaingia mpaka vitandani, na wasichana wetu wengi wanatoka kule. Mvua ikinyesha mama yuko kwenye biashara yake, kwa hiyo binti mkubwa ndiye anayepandisha godoro juu ya meza, anawapandisha wadogo juu ya godoro, na kulinda sufuria zisielee kwenda kwa jirani. Kwa hiyo Jumamosi mchana, saa yetu ya kushona, ukumbini tulikuwa mimi na rafiki yangu Sanyu na cherehani zilizofunikwa. Wavulana wa ngumi wakawa wanachungulia mlangoni.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nayo kichwani, yamepangika vizuri, siku ya baraza, afisa aliposimama mbele ya kiti changu. Si mtu mbaya yule. Alikuwa na haraka, ana vituo vingine vya kutembelea.

"Wasichana," alisema, "naona Jumamosi mchana hamuitumii. Tuwape ndugu zenu wa ngumi, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, afande."

Ukumbi mzima ulicheka. Afisa naye alicheka, akasema yeye si polisi, hana hata filimbi, akaandika, akasogea kwa kikundi cha dansi. Ilikuwa imekwisha. Hata sikuwa nimemaliza kuona haya.

Sanyu alinisubiri nje. Yeye anaishi Bwaise, nyumbani kwao hakuna cherehani na hana wa kumwazima. Alikuwa anajifunza kushona mifuko ya shule ili auze, na alikuwa amefika kwenye zipu. Bila zipu, mfuko ni kitambaa kilichokunjwa. Hakuna anayenunua kitambaa kilichokunjwa.

"Banange, jamani, umenigawa," alisema. "Umenigawa kama sambusa."

"Nilishtuka, Sanyu."

"Ulishtuka? Sasa mimi nifanyeje, nikashonee kwenye viatu vya afisa?" Akavua ndala zake ili avuke maji ya barabarani. "Haya, kwaheri, Ndiyo Afande."

Jina likanikaa. Siku iliyofuata Brayo, msemaji wa ngumi, ambaye mama yake ni Mkenya na anauza mitumba Barabara ya Bombo, aliniona kutoka ng'ambo ya barabara akapiga saluti katikati ya watu. "Ndiyo Afande! Sasa? Asante kwa Jumamosi, sisi hatutasahau!" Hakuwa na ubaya. Lakini nilizunguka njia ndefu kurudi nyumbani.

Nyumbani nilimkuta nyanya anasaga simsim, yaani ufuta, kwa jiwe. Nyanya ni mjane wa polisi, mzaliwa wa kaskazini. Alihama na babu kambi moja hadi nyingine, na Kiswahili chake ni kile cha kambini ambacho mwalimu wetu angekipiga mistari myekundu. Mbele yake hata mwalimu asingethubutu.

"Hiyo uso yako imefanya nini?" aliniuliza bila kuacha jiwe.

Nikamweleza. Aliposikia ile ndiyo, jiwe likasimama.

"Hiyo mtu ana cheo gani?"

"Ni afisa wa vijana, nyanya."

"Anabeba bunduki?"

"Hapana."

"Alikuamuru?"

"Hapana. Aliuliza."

"Aliuliza." Akafuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mimi nimekaa na polisi maisha yangu yote. Mkubwa akitoa amri, unasema ndiyo afande, unakimbia. Lakini akiuliza, hiyo si amri. Hiyo ni mtu hajui kitu, anataka wewe umwambie. Wewe unajua, yeye hajui, na wewe ukamwacha aende hivyo hivyo na ujinga yake. Sasa nani amemkosea mwenzake?"

Nilikuwa nimejiandaa kuhurumiwa. Nikasema, "Lakini naogopa, nyanya."

"Si uogope. Nani amekukataza? Babu yako alikuwa anaogopa mende. Kazini alienda."

Akarudi kwenye simsim yake. Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha, na kwangu ndipo yalipoanza. Maana ubao ulikuwa bado haujapakwa rangi. Nilikuwa na ile wiki.

Kesho yake nilikwenda Bwaise. Sanyu alinifungulia mlango bila kunisalimu. Nilimwomba anipeleke kwa wasichana wote waliokuwa wanakuja kushona, nami nitauliza kinachowazuia. "Wewe utauliza?" alisema. Kwa kweli yeye ndiye aliyeuliza mlango wa kwanza na wa pili, mimi nimesimama nyuma na viatu mkononi. Mlango wa tatu niliuliza mimi. Jibu lilikuwa lile lile kila tulipokwenda: nani atabaki na mtoto? Sufuria unaweza kuzifunga kamba. Mtoto wa miaka miwili humfungi kamba. Binti mmoja alisema tukiruhusiwa kuja na wadogo zetu, yeye atakuja hata maji yakifika magotini. Wengine nao wakasema hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kutamka hilo mbele ya baraza, na mimi niliyewekwa kule mbele ili nilitamke nilikuwa hata sijauliza.

Siku zilizobaki nilifanya mazoezi ya neno "hapana" mbele ya kuku wa jirani. Kuku hawakujali, jambo lililonisaidia.

Asubuhi ya kusomewa mgawanyo nyanya aliniita, akashika mkono wangu, akaufungua, akatema mate kidogo kiganjani, mepesi kama manyunyu. Kwao kaskazini mzee akikufanyia hivyo amekubariki. "Usifute," alisema. Nilifumba kiganja nikaenda nacho hivyo njia nzima.

Viatu vilikuwa vile vile. Vikaja mpaka mbele yetu, sauti ikasoma juu yake: "Jumamosi mchana, ngumi. Tumekubaliana?" Ukumbi ukaitikia ndiyo.

Nilitazama viatu. Kisha suruali, kisha kifungo cha shati, kisha uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka na ambaye hajanywa chai.

"Hapana," nilisema.

"Nani ameongea?" Brayo aliuliza, akitazama hata darini.

"Mimi." Nikasimama. "Hapana, afande."

Wakacheka tena, zaidi ya mara ile. Nikangoja wacheke mpaka wamalize, kisha nikaendelea. Nilisema saa ile tunaitaka. Nilisema kuhusu mtaro, godoro juu ya meza, na watoto. Nilisema wasichana hawakuacha kuja kwa kutopenda, na kwamba wakiruhusiwa kuja na wadogo zao, watakuja. Sauti ilitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho. Nakwambia hili ili usingoje itulie.

"Mbona siku ile hukusema?" afisa aliuliza.

"Uliuliza, nikajibu kama vile umeamuru."

Akafunga kalamu. "Mimi nikiona ukumbi mtupu, naandika ukumbi mtupu," alisema. "Habari ya watoto ndiyo naisikia leo. Lakini kuna mikasi hapa, kuna sindano, kuna pasi. Mkiwa mnashona, nani atawatazama watoto? Siwezi kuandika kitu kitakachomuumiza mtoto."

Kwenye mazoezi na kuku hatukufika huko. Nilimwona Sanyu nyuma, amekumbatia mfuko wake usio na zipu, nikajua nikikaa sasa nitakuwa nimemgawa mara ya pili. Nikatazama ukumbi. Ni mkubwa ule ukumbi. Cherehani ziko upande mmoja, na upande wa pili kunaning'inia mifuko ya ngumi.

"Ngumi," nikasema.

"Ngumi nini?"

"Nao wanataka Jumamosi. Tugawane ukumbi. Sisi tushone huku, wao wapige kule, na watoto wakae nao."

Brayo akaruka kutoka kitini. "Ngoja, ngoja. Mimi? Yaani mimi ni yaya?"

"Kwenu kuna wadogo?" Sanyu alimuuliza kutoka nyuma.

"Wapo. Wengi tu."

"Nani anawaosha?"

Brayo alikaa. Wavulana wake ndio waliomjibia kwa kumcheka, na afisa akafungua kalamu tena. "Tutajaribu muhula mmoja," alisema. "Nikikuta mtoto karibu na mkasi, nafuta."

Ubao ule unaouona mlangoni, ulioandikwa wasichana na ngumi pamoja, hapo ndipo ulipotoka. Jumamosi ya kwanza ilinyesha. Walikuja na viatu mkononi na watoto mgongoni. Zipu ya Sanyu ilikwenda upande, akaifumua, ikaenda upande tena, akaifumua tena, mpaka Jumamosi moja ikafunga moja kwa moja. Aliifungua na kuifunga mpaka tukamwambia ataiharibu. Hakuniomba msamaha kwa lile jina, na bado ananiita hivyo. Wale watoto sasa wanapiga mifuko vizuri kuliko wavulana wengine, ila hilo usimwambie Brayo.

Sasa kiti ni chako. Ninachokuachia ni hiki. Jiji haliishi nyumbani kwako. Halijui mvua inakufanyia nini mpaka wewe ulieleze. Kabla ya baraza, nenda milangoni ukaulize, hata kama mtu mwingine ataanza kuuliza kwa niaba yako. Mtu wa ofisi akikuuliza jambo, mheshimu kwa kumpa ukweli. Usimpe ndiyo ya kumfurahisha ili akuondokee. Ukikosea, rudi kabla rangi haijakauka. Na uende na hofu yako, ikae pale pale kwenye kiti cha plastiki pamoja nawe, kuna nafasi.

Karatasi haiwezi kutema mate, kwa hiyo fungua kiganja mwenyewe unaposoma hapa. Mungu akupe macho yanayopanda kutoka kwenye viatu hadi usoni. Akupe rafiki wa kukuambia umemgawa. Jumamosi zako zijae watu na kelele, na kila zipu unayoishika ifunge.

Haya, fumba kiganja. Usifute.