Nilivyopika dolma ya marehemu mke wangu siku ya kuganduka

Wakuu, amani kwenu. Shule yangu iliishia kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo nitaandika kama ilivyokuwa tu, pamoja na sehemu za aibu.

Naishi Louisville, Marekani, nafanya kazi warehouse. Mke wangu Konsolata alifariki mwaka jana. Aliniachia mtoto mmoja, Divine, wa miaka tisa.

Sisi Warundi tukishazika, msiba haujaisha. Familia inapanga siku ya kuganduka, yaani kuondoa kilio. Watu wanakula, wanakunywa, wanamzungumzia marehemu, kisha wanarudi kwenye maisha yao.

Ya kwetu ilipangwa Gahanna, pale Columbus, kwa shemeji yangu, kaka wa marehemu. Mama mkwe angetoka Buffalo.

Shida ilikuwa Divine. Tangu mazishi alikuwa hajamtaja mama yake. Ukimtaja wewe, anatoka sebuleni.

Mimi nikawa namwuliza kila mara. Unamkumbuka Mama? Umemwota? Basi lia, mwanangu. Jibu lake lilikuwa moja: "I'm fine, Baba."

Nilipomwambia kuhusu safari akauliza, "Will there be dolma?"

Kwa wasiojua, dolma ni majani ya mzabibu yaliyofungwa wali ndani. Marehemu alifundishwa na jirani yetu wa chini, mama mmoja wa Iraq tunayemwita Mama Zahra. Majani alikuwa akiyachuma kwenye fensi nyuma ya parking, mizabibu pori inajiotea pale. Birthday ya Divine haikupita bila dolma.

Nikajibu, itakuwepo. Mdomo ulitangulia akili.

Jumamosi nikachuma majani machanga, nikayatia maji ya moto yalainike. Nikachanganya mchele, nyama ya kusaga, kitunguu, nyanya na ndimu. Nikafunga moja moja, nikapanga kwenye sufuria, nikaongeza maji, moto mkali.

Kisha nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya mbele ya sufuria ya mboga. Nikachukua mwiko, nikakoroga.

Wakuu, zote zilifumuka. Ungesema ni sombe, yaani kisamvu, iliyomwagikiwa wali.

Divine akaja, akachungulia, akarudi chumbani. Nilikaa chini pale jikoni. Nilimtaka Konsolata kuliko siku ile tuliyomzika.

Baadaye nikashuka kugonga kwa Mama Zahra. Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuokoteza. Akapanda, akaona sufuria, akashika kichwa.

"Brother, why you fight with it?"

Tukaanza upya. Zifungwe nyembamba kama kidole. Zibanane sufuriani, mkunjo ukitazama chini. Juu yake sahani iliyopinduliwa, na juu ya sahani jiwe lililooshwa. Moto mdogo.

Nikanyoosha mkono nifunue kidogo, akanipiga kofi mkononi.

"No touch! Konsolata same. Always touching!"

Tukacheka. Halafu yeye akajifuta macho kwa mtandio.

Gahanna nilipoingia na sufuria yangu, shemeji akapaza sauti: "Shemeji! Siku hizi wewe ndiye bibi arusi? Unakuja ukweni na chakula kichwani?"

Watu wakaangua kicheko. Kwetu mwanaume kumpikia mama mkwe, hilo litasimuliwa mpaka uzeeni.

Mama mkwe akasema, "Mwacheni mwanangu. Nipeni nionje."

Akachukua moja. Akaifungua taratibu, kama chakula kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akala wali, jani akaliweka pembeni ya sahani. Ya pili hivyo hivyo. Mimi mkwe nitamwambia nini?

Nikasikia kicheko nyuma yangu.

"Bibi, no! Jani linaliwa! You eat the whole thing!"

"Nile jani? Mimi ni mbuzi?"

Divine alicheka mpaka akainama. Kisha akasema kwa Kiswahili, watu wote wakisikia: "Hata Mama, siku ya kwanza, alitoa majani yote. Mama Zahra alikasirika!"

Akakaa karibu na bibi yake, akaendelea. Mama alikuwa anaimba akifunga. Mama alikuwa anazificha zilizofumuka, anazila mwenyewe. Mengine hata mimi sikuyajua. Bibi analia huku anatafuna, na jani lake.

Shemeji alikuwa ameandaa hotuba ndefu ya kuganduka. Hakusimama.

Somo nililopata, wakuu: mtoto wangu nilikuwa namkoroga. Sasa simwulizi. Nakaa naye tu, na akitaka kuongea anaongea.

Mliolea mtoto aliyefiwa, niambieni mlipitaje.

Na nina swali jingine. Birthday yake ni Januari, fensi itakuwa na theluji. Majani ya chupa ya dukani Divine anasema hayana ladha ya Mama. Marehemu alikuwa na namna yake ya kuyahifadhi majani, sikuwahi kumwuliza. Anayejua aniandikie hapa chini.