Siku Sita Ndani ya Kisima cha Shumba

Kisima kipya kina harufu yake, na aliyeizoea hawezi kuichanganya na nyingine. Si ile harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza, ambayo washairi huipenda. Hii ni harufu ya baridi, ya chokaa mbichi na chumvi ya kale, kama ya mtungi mpya uliotiwa maji ukafunikwa siku tatu. Hupanda juu pamoja na ndoo, ikaganda kwenye kamba, kwenye nguo, kwenye nywele. Baba yangu, Fundi Yohana, mchimba visima, alirudi nayo nyumbani kwetu Jadida mjini Wete kila Jumamosi jioni, na mama alikuwa akisema kwamba angemtambua mumewe hata akifungwa kitambaa machoni. Mimi nimelelewa na harufu hiyo, imenisomesha, na leo inanilipa vizuri kuliko inavyowalipa wengi waliokaa maofisini. Nasema hivyo bila haya. Aliyepanda mnazi akiwa na njaa ana haki ya kujisifia dafu.

Baba alikuja Pemba kutoka bara, upande wa Tabora, miaka michache baada ya Mapinduzi, akiwa na mtaimbo, nyundo, tindo mbili na Biblia aliyojifunzia kusoma. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, Wakristo wa Wete tulikuwa wachache mno hata hatukuweza kumudu anasa ya kutengana. Waliotoka madhehebu mbalimbali ya bara walisali katika chumba kimoja chenye paa la bati, wakaketi juu ya mabenchi manne, na baada ya sala wakala sinia moja la wali. Kuelewana lilikuwa jambo jingine. Mwaka huo Katekista Anselmi, fundi cherehani mwenye sauti nyembamba na ubishi mnene, alianza kutufundisha sisi watoto sura ya kwanza ya Mwanzo. Akasema kuwa siku sita za uumbaji si siku za saa ishirini na nne. Ni vipindi virefu, kila kimoja maelfu juu ya maelfu ya miaka. Baba, aliyekuwa benchi la nyuma akichokonoa udongo kwenye kucha, akainua kichwa.

"Anselmi, kitabu kimesema siku. Kila siku ina jioni yake na asubuhi yake. Umeitoa wapi miaka?"

"Fundi, jua na mwezi viliwekwa siku ya nne. Hizo tatu za mwanzo zilipimwa kwa saa ya nani?"

"Kwa saa ya Mwenyewe! Na tumeamriwa kufanya kazi siku sita tukapumzika ya saba kwa sababu Yeye alifanya hivyo. Kama siku yake moja ni miaka maelfu, basi mimi niliyeanza kuchimba Jumatatu nitapumzika nikiwa mifupa."

Chumba kizima kikacheka, hata katekista mwenyewe. Mama, aliyekuwa na njia yake ya tatu, akatia neno huku akipepea mkaa mlangoni. "Nyinyi wawili mnapima wimbo kwa futi. Sura ile ni wimbo wa sifa, kila ubeti na kiitikio chake. Mtu haulizi wimbo una saa ngapi, anauliza unamsifu nani." Wakamwambia aangalie wali usiungue. Huo ndio uliokuwa ubishi wetu wa kila Jumapili, na kwa muda mrefu niliuona kama kitoweo tu. Sikujua ungekuja kunikaba koo.

Ulinikaba siku nilipoleta nyumbani fomu. Nilikuwa nimefaulu, na si kufaulu kwa kusukumwa: nilikuwa wa kwanza katika shule nzima, mbele ya wavulana ambao baba zao walikuwa na baiskeli. Nilichaguliwa kwenda Unguja kusoma sekondari ya sayansi, na kilichobaki kilikuwa sahihi ya mzazi kabla ya mwisho wa mwezi. Baba alifurahi hata akaniita "mheshimiwa". Jioni ile ile akafungua daftari langu la sayansi ili aone akili hiyo ilivyo ikiandikwa. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, mpaka alipofika mahali mwalimu alipotuchorea matabaka ya ardhi, na chini yake mimi kwa mwandiko wangu mzuri nimeandika kwamba miamba ya kisiwa chetu ina umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Kidole kikasimama.

"Nani aliyekupa umri huu?"

"Mwalimu, baba."

"Mwalimu alikuwepo?"

Baba akaichukua fomu, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia yake na kuifunga. Hakugomba wala hakunipiga. Alisema tu kwamba hatamtoa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe akafundishwe kumkana Muumba. Mama alimbembeleza kwa siku nyingi, lakini baba alikuwa mtu wa mwamba, na mwamba haubembelezwi. Nikalia mpaka macho yakavimba, kisha nikaacha. Nilijiambia: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baba haamini daftari, ila ziko kazi mbili anazoziamini, ya Mungu na ya mtaimbo wake. Nitamfuata huko huko.

Likizo ilipoanza nikaomba kwenda naye Shumba Viamboni, kule kaskazini, ambako alikuwa akimchimbia kisima Bi Mwanakombo, mjane mwenye ulimi mkali na moyo mpana. Ardhi ya huko ni maweni matupu: ukifagia majani unakuta jiwe, na ukivunja jiwe unakuta jiwe. Baba alikuwa ameshuka pima saba kwa wiki saba. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuvunja kamwe, nao ni kwamba kila tabaka alilolitoa chini lilimwagwa kando, chungu yake peke yake, kwa mpangilio kuuzunguka mdomo wa kisima, kwa sababu udongo mwekundu wa juu ulifaa kukandikia nyumba, mchanga ulifaa kujengea, na jiwe jeupe la chini lilifaa kuchomea chokaa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba pamoja na wana wawili wa Bi Mwanakombo na kumwaga kila ndoo mahali pake. Baada ya siku tatu viganja vilichubuka, lakini macho yangu yalikuwa yamefunguka, maana kila ndoo ya jiwe jeupe ilikuja na makombe ya baharini ndani yake.

"Baba, haya makombe yamefikaje chini kote huko?"

"Gharika," akajibu toka chini, sauti ikipanda kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Maji ya Nuhu yaliyafagia yakayatupa humu. Hebu vuta!"

"Yangefagiwa si yangekuwa yamelala ovyo ovyo, yamevunjika?"

Mtaimbo ukanyamaza. Baba alikuwa mkali, lakini hakuwa mwoga wa swali. "Shuka mwenyewe uone," akasema.

Haikuwa desturi yake kumwachia mwanamke kushuka kisimani kabla maji hayajatoka. Wachimbaji wenzake waliamini maji hukimbia. Mmoja wa wale wana wawili akaanza kukumbusha hilo. Bi Mwanakombo akamkata. "Nyamaza wee! Toka dunia iumbwe nani anayeteka maji? Leo ndio yatamkimbia? Mteremshe mtoto." Akaingia ndani akatoka na kioo cha kabati lake la harusi, kwani baba alimulika kisima kwa kioo, jua likipigwa toka juu mpaka chini. Siku hiyo aliyekishika kioo alikuwa Katekista Anselmi, aliyekuja kutoka Wete kumletea baba suruali ya kazi aliyoitia viraka. Nikashuka kwa kamba, mwanga ule mweupe ukicheza ukutani kama samaki.

Niliyoyaona humo sijayasahau. Ukuta haukuwa lundo la vitu vilivyotupwa. Matumbawe yalikuwa yamesimama wima, mapana kama kabeji, kila moja limekaa palepale lilipoota. Juu ya yaliyokufa yameota mengine, na juu ya hayo mengine tena, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka kichwani kwangu. Na karibu na mguu wa baba, ndani kabisa ya jiwe, alikuwamo chaza mkubwa kama sinia dogo, mabamba yake mawili yamefumbana, mgongo chini, mdomo juu. Nikaweka kidole juu yake. Baba akainama kumtazama. Kisha akachukua tindo ndogo, ile aliyoitumia akiwa na subira, akamchonga pole pole mpaka akatoka mzima.

Juu, katekista alishindwa kuvumilia. "Vipi huko? Siku au vipindi?"

"Shika kioo!" baba akamjibu.

"Nyinyi Manasara," Bi Mwanakombo akasema, "na sie kwetu mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita, lakini hatujapata kusimamisha kisima kwa ajili yake. Mie n'na ndoo tupu tangu mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha."

Tulipotoka baba alimwendea yeye, si Anselmi. Bi Mwanakombo alikuwa mwanamke wa pwani, bamvua, maji yanapokupwa mbali, halikumpita. Alikuwa amechokoa chaza tangu hajavunja ungo, na mimi nilijua kuwa baba alimheshimu kwa hilo. Hakumweleza chochote. Alimpa yule chaza mkononi, akauliza tu, "Bibi, huyu kaletwa na maji?"

Bi Mwanakombo akamgeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. "Aliyeletwa na maji? Hapana. Aliyeletwa na maji hufunguka, bamba moja likaenda zake, jengine likabaki. Mie pwani nimeokota bamba moja moja mpaka nimechoka. Huyu yuko na mwenziwe. Huyu kafa kwake, fundi, katika nyumba yake."

Baba akakaa juu ya chungu ya jiwe jeupe. Alitazama zile chungu moja moja, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe kwa wiki saba, na mimi nilimwona akihesabu. Ikiwa chaza huyu alikuwa kwao, basi matumbawe yale nayo yalikuwa kwao, na kila ghorofa ilihitaji muda wa kuota na muda wa kufa kabla ya ile ya juu yake. Katekista alifungua kinywa, Bi Mwanakombo akamkanyaga mguu. Nilijua kuwa maisha yangu yote yalikuwa yamekaa pale na baba, juu ya mawe.

Hatimaye akaagiza mfuko wake uletwe. Akatoa Biblia, akaifungua, akakunjua fomu juu ya goti. "Msifikiri Anselmi kanishinda," akasema. "Mimi bado nasoma siku sita, na nitakufa nikisoma siku sita. Lakini jiwe hili nimelitoa kwa mikono yangu. Siwezi kuliamuru liseme uongo ili mimi nionekane mkweli. Kama liko jambo sijalielewa, ama katika kitabu ama katika kisima, basi aende mtu wangu akalijue." Akanitazama. "Nenda. Lakini ukirudi umemsahau aliyeliumba jiwe, hata iwe kwa siku ngapi, usiniite baba." Akaandika jina lake, herufi kubwa kubwa, na kidole chake kikaacha alama ya tope jeupe chini yake. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba fomu ni chafu. Ilipokelewa hivyo hivyo. Maji ya Bi Mwanakombo yalitoka siku tano baadaye, matamu, na tulikunywa sote tukiwa bado hatujaafikiana.

Nilikwenda Unguja, na katika darasa letu la sayansi wasichana tulikuwa watatu, mimi nikiwa mbele yao na mbele ya wavulana. Nikavuka kwenda bara, nikasoma stashahada ya uhandisi wa maji, nikaipata kwa daraja la kwanza bila mjomba wa kunishika mkono wala barua ya mkubwa. Nimechimba Dodoma kwenye ukame, nimechimba Botswana mchangani, mahali ambapo wanaume wenye digrii walitia alama zao kwa kifaa cha thamani na kukuta vumbi, nami nikasogea hatua thelathini nikakuta maji. Kisha nikarudi Pemba na mashine yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa jasho langu, imeandikwa jina langu ubavuni. Kisima alichokichimba baba kwa miezi miwili mimi nakimaliza kwa siku mbili. Bandu bandu huisha gogo, lakini mashine nayo ina raha yake.

Leo Wakristo wa Wete si wa chumba kimoja. Makanisa yamekuwa mengi, kila moja lina vipaza sauti vyake, na ndani ya kila moja watu wote wanakubaliana. Sijui kama hayo ni maendeleo. Ubishi wa zamani ulitufundisha kufikiri huku tukila pamoja. Makubaliano ya siku hizi yamezaa vijana wenye uhakika mwingi na shughuli kidogo. Mmoja wao, mhubiri mgeni mwenye tai nyekundu, alimjia baba mwaka jana pale barazani Jadida. Baba sasa ni mzee wa mkongojo, bado ni mtu wa siku sita, na kijana alidhani amepata mwenzake. Nilikuwa dirishani, nikayasikia yote.

"Mzee, nimeambiwa binti yako anafundisha watu kwamba dunia ina mamilioni ya miaka. Inakuwaje mzee wa imani kama wewe unanyamaza? Anamdharau Muumba."

Baba akaegemeza mkongojo ukutani. "Mwanangu, unakaa nyumba ya kanisa pale juu?"

"Ndiyo, mzee."

"Leo umeoga?"

"Nimeoga, mzee. Alfajiri."

"Kwa maji ya nani?"

Kijana akatazama chini. Anajua, kama anavyojua kila mtu, bomba lile linatoka katika kisima nilichokichimba mimi bila kuwadai senti.

"Basi," baba akamwambia, "kesho ukioga, anza na shukrani. Tafsiri itafuata."