Betri ya Baba Mkwe

Nikikumbuka kikao kile cha familia, najiuma midomo. Baba mkwe alikuwa akitetemeka kwa ugonjwa wa Pakinsoni hadi chai ikawa inamwagika kabla ya kufika mdomoni. Daktari wa Nairobi alisema angempitishia nyaya nyembamba ubongoni na kumtia betri chini ya ngozi ya kifua. Tuchague: ya kuchajiwa, inayodumu miaka mingi, au isiyochajiwa, ambayo ikiisha nguvu ni kupasuliwa kifua tena. Mimi ndiye niliyepaza sauti. "Si stima iko hadi huku Nyamira? Achukue ya kuchaji!" Nilijiona mjuaji kweli.

Na mzee alitulia. Alirudi kwenye majani chai yake na kuwachokoza majirani. Kila baada ya siku chache mume wangu alimfungia chaja, mzee akiwa kifua wazi kitandani, jinsi walivyoonyeshwa hospitalini.

Hakuna aliyeuliza mume wangu akisafiri itakuwaje. Kwetu Wagusii kuna ensoni, ile heshima ya kuoneana haya: mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe, sembuse kumwona kifua wazi. Wiki moja mume wangu akakwama Nairobi kikazi, tukabaki nyumbani mimi na mzee tu. Mzee alisema atajifungia mwenyewe, akawa anaahirisha. Betri ikaisha, mikono ikaanza kutetemeka, chaja ikakataa kukaa mahali pake. Niliisikia ikianguka sakafuni, ikaokotwa, ikaanguka tena.

"Tata, niingie?" nikamwuliza baba mkwe.

"Hapana, mwanangu. Usiingie."

Nikasimama nje ya mlango, nimejiziba mdomo kwa leso, kilio kisisikike. Niliikasirikia mila, nikajikasirikia mwenyewe, lakini mguu haukuinuka. Wanaume wa jirani walikuwa matangani Keumbu. Walipofika jioni, mzee alikuwa amekakamaa ukingoni mwa kitanda, hawezi hata kugeuza shingo.

Hospitalini, fundi wa ile mashine alitushangaa. "Lakini inachaji hata juu ya shati, mama."

Shati tu! Angekaa sebuleni mchana kweupe, nikamfungia mbele ya kila mtu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamwahidi mzee kwamba sasa mambo ni rahisi. Akatikisa kichwa, akamwomba daktari ambadilishie, amtie ile isiyochajiwa.

"Utapasuliwa tena, mzee. Na baadaye tena," daktari akamwonya.

"Nipasueni," akasema, bila kuniangalia. "Sitaki kuiona chaja tena. Huyu mtoto alilia mlangoni kwangu mchana kutwa, nami nikamwambia asiingie."