Ngoma ya Mninga ya Kaka Saidi

Wenzangu mliokulia Tabora miaka ile ya Ujamaa, asubuhi zetu mnazikumbuka. Mchakamchaka jua halijapanda, vumbi hadi kwenye kope, kisha jembe begani kwenda shamba la shule kabla hata ya kufungua daftari. Mfukoni una vipande vya michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, unavitafuna kimyakimya mwalimu akigeukia ubao. Jioni ni michezo ya rede na kombolela mpaka mama atoke mlangoni kuita. Na ukiitwa unaitika papo hapo, msichana "Abee", mvulana "Naam", hata kama uko juu ya mti mdomo umejaa embe. Watoto wa leo ukiwatuma dukani wanauliza kama kuna bodaboda.

Lakini mimi nikizikumbuka siku zile, kinachonijia kwanza ni mlio wa ngoma ya kaka yangu Saidi, na kila unaponijia nahuzunika.

Saidi ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Alikuwa mwembamba, macho yake ya njano, na baridi ikimpata mifupa ilimuuma hadi akalia kwa sauti. Siku hizi daktari angeutaja ugonjwa ule kwa jina, seli mundu. Wakati ule wazee walisema tu kwamba mtoto ana baridi ya mifupa, mama akawa anamkanda kwa mafuta ya moto. Hakuweza kukimbia wala kulima, na wenzake wakamwita Mzee Saidi. Kitu kimoja alichowashinda wote ni kupiga ngoma ya bendi ya shule, ile ndogo ya vijiti viwili, yenye nyuzi zilizokazwa upande wa chini. Ukiipiga juu, nyuzi zinajibu chini kwa mkwaruzo.

Mwaka mmoja ngoma za shule zikapasuka, ikabaki moja. Mwalimu wa bendi hakuwa mtu mbaya, lakini alimwambia Saidi kwamba hiyo moja atapewa anayeweza kutembea gwaride. "Ukipata ya kwako," akamwambia, "utaipiga umeketi karibu na mlingoti wa bendera." Sikukuu ya Uhuru ilikuwa inakaribia. Saidi alirudi nyumbani akalala akiuangalia ukuta, ugali hakuugusa.

Baba yetu alikuwa seremala, karakana yake ipo uani. Marehemu babu, baba yake, alikuwa mpigaji katika beni enzi za Waingereza, yale magwaride ya kuchezwa ambayo watu wa mjini walivaa kofia za kijeshi wakashindana mtaa kwa mtaa. Ngoma yake ilikuwa imeliwa na mchwa, zikabaki pete mbili za mbao zilizotundikwa kwenye karakana pamoja na kamba chakavu. Baba alizishusha, akazipangusa vumbi, akamwita Saidi. "Tutaitengeneza kama ya babu yako," akasema. "Ya kizamani hasa."

Sijawahi kuona watu wawili wakifurahi namna ile. Mninga uliletwa na mtu wa Sikonge juu ya baiskeli. Baba aliupasua vibao vyembamba, akavipiga randa, akavisimamisha mduara kama pipa na kuviunga kwa gundi ya kuchemsha, ile inayotokana na ngozi na kwato. Ilinuka nyumba nzima, mama akalalamika mpaka akachoka. Ngozi ya mbuzi waliiloweka, wakaiparua kwa kipande cha chupa, ya chini wakaifanya nyembamba kuliko ya juu. Nyuzi zilisokotwa kwa utumbo wa mbuzi. Zile pete mbili za babu zilishika ngozi juu na chini, na kamba zikapita kutoka moja hadi nyingine zikizunguka ngoma yote, na kila pembe ya kamba ilikuwa na kishikizo cha ngozi. Ukikivuta kwenda chini, ngoma inakaza. Mwisho Saidi aliisugua kwa nta ya nyuki hadi ikawa na rangi ya chai ya rangi.

Ngoma ile ilikuwa na tabia yake. Hata bila kuguswa, ukiita mtu kwa sauti karibu nayo, nyuzi zilivuma. Garimoshi likipita, zinavuma. Saidi alicheka mpaka akashika mbavu. "Sikilizeni," alisema, "inaitika!"

Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Kigwa kumwona mjukuu wake akipiga. Usiku wa kuamkia sikukuu mvua ilinyesha. Asubuhi, baba akiwa msikitini na mama akipiga pasi kaptula ya Saidi, Bibi aliigonga ngoma kwa kidole akasikia imelegea. Kwao Kigwa ngoma hupashwa moto wa nyasi kabla ya kuchezwa, ngozi ikaze na sauti ichangamke. Hakuna aliyewahi kumweleza kazi ya vile vishikizo. Akachomoa nyasi kavu chini ya paa la banda la mbuzi, akawasha moto uani, akawa anaigeuza ngoma taratibu huku akiimba kwa Kinyamwezi. Mimi nilikuwa kando yake nikichagua mchele. Aliniambia, "Ngoma ya mjukuu wangu haiendi mbele za watu ikiwa na baridi."

Gundi ile ikipata moto inalainika. Kamba zilizokazwa zikavuta, vibao vikaachana kimoja baada ya kingine, na ngoma ikamfumukia Bibi mikononi.

Saidi alitoka amevaa kaptula yake iliyonyooshwa. Hakulia. Alikaa kizingitini, akaweka vijiti vyake mapajani. Baba aliporudi, kofia bado kichwani, Bibi alipiga magoti. "Mkwe wangu, nimeiharibu. Nilitaka isiende na baridi."

Kwa heshima ya mkwe, baba hakuwahi kumtazama Bibi usoni, na siku ile pia alitazama chini. "Hukuiharibu, mama," akasema. "Ngoma lazima ipashwe. Ni gundi yangu iliyokuwa dhaifu."

Akaviokota vibao. Kuchemsha gundi nyingine na kuisubiri ikauke haikuwezekana, basi akavikusanya kwa kamba, akavibana kwa mkanda wa chuma uliotoka kwenye kasha, misumari ameishika mdomoni. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na mimi sikuwa nimewahi kuiona hivyo.

Uwanjani sauti haikuwa ile tena. Ilikauka, ikawa inakoroma, na watoto wakaanza kucheka. Saidi akawaambia, "Ina mafua, jana ilinyeshewa," wakacheka naye badala ya kumcheka. Akapiga, ameketi kwenye kiti cha jikoni alichokibeba baba, bendi nzima ikitembea kwa kufuata mikono yake. Bibi alisimama nyuma ya watu wote, khanga imemfunika uso. Mimi nilijaa fahari, nikamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba yule ni kaka yangu.

Alipiga mbele za watu mara ile tu. Kipupwe kilichofuata kilimchukua. Mafuta ya moto hayakusaidia, na hospitali tulimfikisha tukiwa tumechelewa. Baba alikuwa amemwahidi kuiunga ngoma upya wakati wa kiangazi, na mbao alikuwa ameshazichagua. Zilikaa kwenye kona ya karakana mpaka siku baba mwenyewe alipozitia jikoni kama kuni. Hakutengeneza ngoma nyingine. Bibi naye, wajomba walivyotusimulia, kila ngoma zilipowekwa kwenye moto kule Kigwa, aliinuka akaenda zake.

Ngoma ya Saidi tuliitundika ukutani. Mama akiniita, "We Zuhura!", kabla sijasema "Abee" nyuzi zinavuma. Mama akasimama pale na mwiko mkononi, akiitazama. Siku moja baba alishindwa kuvumilia, akaja na wembe. Mama akamshika mkono. "Usizikate, Baba Saidi. Mwache aitike."

Wazee wangu wote wamekwenda, na ngoma iko kwangu. Nyuzi zililiwa na mende zamani, ikakaa kimya miaka mingi. Mjukuu wangu Abdul, anayejigamba kuwa ana ngoma elfu ndani ya simu ingawa sijaona hata moja, aliionea huruma. Akanunua nyuzi za chuma akazifunga vizuri. Ni mtoto mwema. Alitaka pia kuutoa ule mkanda wa baba na kuviunga vibao kwa gundi ya kisasa, nikamkataza. Mikono iliyoufunga ilikuwa inatetemeka, nikamwambia, uache hivyo hivyo.

Juzi nilipika ugali na mlenda, nikasimama mlangoni kumwita, kama mama alivyokuwa akisimama. "Abdul!" Enzi zetu angekuwa ameshaitika na kunawa mikono. Yeye alikuwa amejilaza, vidude vimeziba masikio yote mawili, kichwa kinacheza peke yake, hakusikia chochote. Ukutani nyuzi zikavuma.

Nikaweka sahani chini. Halafu nikaita tena kwa sauti, na jina nililoita lilikuwa la Saidi.